Wosia wa Mama na Macho ya Mtoto

Fasihi ya Kiswahili imejaa wazazi wanaosema. Mwana Kupona anamwita bintiye asogee karibu, alete wino na karatasi, kuna maneno anataka kumwachia. Karibu miaka 90 baadaye Shaaban Robert naye anashika kalamu: Utenzi wa Hati kwa binti yake, Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Ukija kwenye methali ndiyo usiseme. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Samaki mkunje angali mbichi. Tuna hazina nzima ya wosia, na tunajivunia kwa haki kabisa.

Ila kuna jambo moja kwenye maandishi hayo ambalo huwa linanikaba. Mtoto hasemi. Ameketi tu, anasikiliza, au tuseme mzazi anaamini kwamba anasikiliza. Kila nikirudia tenzi hizi najikuta nikijiuliza swali lile lile: wakati mama anasema, macho ya mtoto yalikuwa wapi? Alikuwa anatazama nini ndani ya nyumba ile?

Nauliza kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kukaa na mtoto wa miaka minne anajua ukweli. Mwambie asipige kelele huku wewe mwenyewe unapiga kelele, uone atachukua kipi. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto 72 wa chekechea. Baadhi walimwona mtu mzima akilipiga mwanasesere kubwa la kujazwa upepo, akilirusha na kulitukana. Wengine walimwona mtu mzima akicheza kimya kimya, na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Baadaye watoto wale walipoachwa kwenye chumba chenye mwanasesere lile, waliokuwa wameona kipigo walilipiga vilevile, na baadhi wakatumia hata maneno yale yale waliyoyasikia. Hakuna aliyewaagiza. Bibi zetu wangecheka wakiambiwa kwamba jambo hilo lilihitaji maabara, lakini sawa, limethibitishwa.

Sasa mimi nataka kulitazama jambo hilo hilo nje ya maabara: kwenye nyumba mbili za pwani yetu katika karne ya 19, halafu kwenye neno moja ambalo bado tunalo mdomoni kila asubuhi.

Nyumba ya kwanza ni ya Mwana Kupona binti Msham. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji ulio kwenye kisiwa hicho hicho cha Pate. Mataka hakuwa mtu wa kupiga magoti. Kwa miaka mingi aliukataa utawala wa Seyyid Said wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalikwenda Siu yakarudi yameshindwa. Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1858, mwaka 1275 wa Hijria, mjane wake akiwa mgonjwa akatunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Karibu mwaka 1860 naye akafuata.

Yaliyomo kwenye utendi huo ndiyo yanayozua ugomvi kila unapofundishwa. Nilipousoma chuoni semina nzima iligawanyika vipande viwili, na nadhani hata leo kuna watu wa darasa lile hawajapatana. Binti anatakiwa ashike dini, awe na adabu na ulimi mzuri ili apendwe kila anapoingia. Halafu inakuja sehemu ya mume: amfurahishe, asimwamshe kwa kelele, ampepee alale, amtunze mwilini na mavazini, asitoke nyumbani bila ruhusa yake. Msomaji wa leo akifika hapo anafunga kitabu, au anaanza kuandika tasnifu.

Tusifunge bado. Katikati ya mawaidha hayo Mwana Kupona anafanya jambo la kuvutia: anaacha kuagiza, anajitoa yeye mwenyewe kama ushahidi. Anamsimulia bintiye jinsi alivyoishi na Mataka kwa mapenzi hadi siku ya kifo, na jinsi mume alivyoondoka duniani akiwa radhi naye. Yaani mtunzi wa wosia maarufu kuliko wote katika lugha yetu alijua kuwa agizo peke yake halina miguu. Ilibidi aseme: nitazame mimi.

Basi tumtazame. Mwana Hashima alimwona nani? Alimwona mwanamke anayesoma na kuandika, anayejua vina na mizani, anayehesabu tarehe za kazi yake, anayeitunga dua ndefu kwa ajili ya nafsi yake na watoto wake, na anayetaka wanawake wengine pia waisome. Alimwona mjane wa mtawala ambaye, mwili ukiwa umeishiwa nguvu, bado alikuwa na mamlaka ya kukaa na kusema dunia iweje. Maneno yake yalifundisha utiifu. Kitendo cha kuyaandika kilifundisha jambo lingine kabisa, na hakuna ubeti hata mmoja uliohitajika kulieleza.

Wanawake wa Lamu na visiwa vya jirani waliupokea utendi ule, wakaunakili, wakauhifadhi moyoni, hata ukafika kwenye chapa ya Alice Werner na William Hichens mwaka 1934. Walipokezana mawaidha juu ya mume, ndiyo. Lakini walipokezana pia ile picha ya mama mwenye wino. Kila binti aliyekaa chini kunakili beti za Mwana Kupona alikuwa anafanya alichofanya Mwana Kupona, hata kama ubeti aliokuwa anaunakili unamwambia anyamaze.

Kuna ubeti mwingine ambao hatuuzungumzii sana kwenye semina, labda kwa sababu unauma upande ambao hatutaki kuguswa. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ni maneno machache tu, yanapita kama onyo la kawaida la nyumbani, kama vile mama wa leo anavyosema usikae sana na watoto wa mtaa wa pili.

Jiulize, ubeti ule ulimfundisha Mwana Hashima jambo jipya? Sidhani. Alikuwa binti wa nyumba ya mtawala kwenye pwani ambayo utumwa ulikuwa ndio mpango wa maisha. Tangu anatambaa alikuwa akiona nani anatwanga, nani anachota maji, nani anaketi mkekani na nani anasimama mlangoni, nani anakula kwanza na nani anakula kilichobaki. Ubeti uligonga muhuri tu juu ya hati ambayo macho yake yalikwisha kuisoma miaka mingi.

Nyumba ya pili ni ya adui wa Mataka. Mwaka 1844, katika jumba la Bet il Mtoni nje kidogo ya mji wa Unguja, Seyyid Said alizaliwa mtoto wa kike, Salme. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkasi. Alitekwa akiwa mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa, akauzwa, akaishia kuwa suria wa Sultani. Salme ndiye tunayemjua kwa jina la Emily Ruete, na kumbukumbu zake alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886 ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa tuliyonayo ya mwanamke wa Zanzibar akisimulia utoto wake mwenyewe.

Salme anasimulia kwamba watoto wa kike wa kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Kuandika hakukuwa jambo la kufaa kwa mwanamke. Kanuni hiyo ilijulikana na ilisemwa. Salme akaivunja. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule uliotumiwa na watoto kama ubao, akawa ananakili kwa siri herufi za Kurani moja baada ya nyingine mpaka mkono ukakubali. Siri ilipofichuka alilaumiwa, naye hakujali sana. Ujuzi huo ukaja kumwingiza kwenye historia: mwaka 1859, kaka yake Barghash alipoasi dhidi ya kaka yao mwingine, Majid aliyekuwa Sultani, Salme wa miaka 15 ndiye aliyekuwa katibu wa waasi, kwa kuwa aliweza kuandika barua.

Hakuishia hapo. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Alibatizwa Aden, akaolewa, akahamia Hamburg. Fikiria orodha: kuandika, kuasi dhidi ya Sultani, kuvuka bahari, kubadili dini, kuolewa na mgeni. Ukitafuta mtu aliyevunja karibu kila mwiko uliomzunguka katika karne ile, huna haja ya kwenda mbali.

Halafu unafika kwenye sura yake kuhusu utumwa, unabaki mdomo wazi. Anautetea. Anawaambia wasomaji wake wa Ulaya kwamba hawauelewi utumwa wa Mashariki, kwamba si kama ule wa Marekani, na kwamba kuukomesha kwa haraka kuna madhara. Na anayeandika hayo ni mtoto wa mwanamke aliyenyakuliwa kwa wazazi wake na kuuzwa.

Wengi wameieleza sura hiyo kwa siasa: alikuwa na uchungu na Waingereza, alikuwa anajitetea mbele ya Wazungu waliokuwa wanaidharau nchi yake. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini mimi naona na jambo lingine. Kanuni ya mwanamke asiandike ilikuwa imesemwa, na kinachosemwa kinaweza kujibiwa. Mtoto anauliza kwa nini, anaambiwa ndivyo ilivyo, haridhiki, anachukua mfupa wa ngamia. Utumwa haukuhitaji kusemwa ndani ya Bet il Mtoni. Ulikuwa kwenye kila mkono ulioleta kahawa na kila mgongo uliobeba mzigo. Kwa mtoto wa nyumba ile haukuonekana kama kanuni ambayo mtu anaweza kuikataa. Ulionekana kama hali ya hewa. Salme alivuka bahari, akaacha jina, dini na lugha, na hali ya hewa ya utotoni akaondoka nayo.

Hili ndilo linalonitisha kuhusu malezi. Yale tunayowaambia watoto wetu angalau wanayaona, kwa hiyo wanaweza kubishana nayo. Yale tunayoyatenda kila siku bila kuyasema yanaingia bila hodi.

Nimesema kuna neno. Ni shikamoo.

Mtoto wa Kitanzania huanza kufundishwa neno hili karibu kabla hajajua jina lake vizuri. Wengi wetu tunajua asili yake, angalau kwa juu juu: nashika miguu yako. Ni kauli ya mtu wa chini kwa mtu wa juu, na kwenye pwani ya karne ya 19 ilikuwa kauli ya mtumwa mbele ya bwana wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekuja kufundisha Kiswahili Berlin, anatuonyesha dunia hiyo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mtumwa wa zamani hakuvaa viatu, hakufunika kichwa, alikuwa na namna yake ya kuingia na ya kuamkia. Cheo kilikuwa mwilini. Mtoto hakuhitaji kuambiwa nani mwungwana. Alitazama miguu, alitazama kichwa, alisikiliza nani anamwamkia nani.

Utumwa ukaja kufutwa kisheria kwa vipande vipande. Unguja na Pemba mwaka 1897. Pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwenye koloni la Wajerumani, amri ya mwaka 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na Tanganyika ikaufuta kabisa mwaka 1922 chini ya Waingereza.

Ungedhani neno shikamoo lingekufa pamoja nao. Halikufa. Lilifanya jambo la ajabu zaidi: lilihama. Likaacha cheo, likaenda kwenye umri. Leo meneja wa benki mwenye miaka 40 akikutana na mlinzi mwenye miaka 65 getini, anayetakiwa kusema shikamoo ni meneja. Mlinzi anajibu marahaba, taratibu, kama mtu anayepokea haki yake. Ukilitazama kwa jicho la historia, hayo ni mapinduzi. Neno la mtumwa kwa bwana limekuwa neno ambalo tajiri analazimika kumpa maskini, mradi maskini amemzidi umri.

Nani aliyafanya mapinduzi hayo? Hakuna sheria ya shikamoo kwenye gazeti la serikali. Ninavyoelewa mimi, yalifanywa barazani na njiani, na watu wazima waliokuwa wakitazamwa na watoto bila wao kujua. Mimi nimekulia Tanga mjini. Baba yangu alikuwa mwalimu, na mwalimu enzi zile alikuwa mtu. Jirani yetu alikuwa mzee wa kusukuma mkokoteni, mwenye suruali moja ya kazi niliyoijua viraka vyake vyote. Kila asubuhi baba alikuwa anasimama, anashusha begi lake la madaftari, anasema shikamoo mzee, anasubiri marahaba, ndipo anaendelea. Hakuwahi kunipa mhadhara juu ya usawa wa binadamu. Nilikuwa nimeshika mkono wake tu. Mpaka leo siwezi kumpita mzee wa mkokoteni kimya, miguu inakataa yenyewe.

Unguja nako mageuzi ya namna hiyo yalionekana kwenye nguo. Wanawake waliokuwa watumwa walizoea kuvaa merikani au kaniki, wakiwa wameifunga chini ya makwapa, kichwa wazi. Baada ya 1897 wakaingia kwenye kanga, jozi nzima, moja kiunoni na nyingine kichwani na mabegani. Hakuna tangazo lililotolewa. Lakini mtoto wa kike aliyemwona mama yake akijifunga kanga mbele ya kioo na kutoka nje na kichwa kilichofunikwa, alikuwa amepata somo lote la uhuru kabla ya chai.

Miongoni mwa watoto wa dunia hiyo alikuwa binti wa Fumba, aliyezaliwa karibu mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara, waliotoka kwenye nasaba ya utumwa, na jina walilompa ni Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijifunza kufinyanga, akawa anabeba vyungu hadi mjini kuviuza, akinadi kwa sauti mitaani. Shaaban Robert, yule yule mwenye Hati na Adili, ndiye aliyeandika wasifu wake. Mji ulimpa jina jingine, Siti, yaani bibi, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili.

Mweke Siti kando ya Mwana Hashima uone. Kule Siu mama anamwambia bintiye asitoke bila ruhusa. Kule Fumba agizo kama hilo lisingekuwa na maana. Mama anayeishi kwa kuuza vyungu hawezi kumlea binti asiyetoka nje. Alichokiona Siti tangu utotoni ni mikono yenye udongo na mwanamke anayelisha nyumba kwa kazi yake. Jamii ya waungwana ilikuwa na kanuni kuhusu sauti ya mwanamke hadharani. Siti hakuivunja kwa ushujaa wa siku moja. Kwao kanuni hiyo haikuwahi kuishi.

Ndiyo maana nasema mtoto hasomi wosia, anasoma nyumba. Na nyumba zetu za leo zimeandikwa nini?

Kazi yangu ya uandishi wa habari inaniingiza kwenye sebule nyingi za Dar es Salaam, za wakubwa na za watu wa kawaida kama mimi. Kuna jambo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sasa nalisubiri. Mtoto wa miaka minne, mitano, anaitwa: njoo uamkie wageni. Anakuja, mkono kichwani, shikamoo, shikamoo, shikamoo, anazunguka sebule nzima na kila mtu anayeyuka. Mtoto ana adabu huyu! Halafu anageuka upande wa jikoni, anasema: we dada, maji.

Dada mwenyewe pengine ana miaka 19 au 20. Kwa mtoto wa miaka minne huyo ni mkubwa, na kwa hesabu yetu ya umri anastahili shikamoo yake bila mjadala. Hakuna mzazi aliyewahi kumkalisha mtoto chini akamwambia usimwamkie dada. Nina hakika mzazi yule angeapa kwamba amemfundisha kuheshimu watu wote, na angekuwa mkweli, kwa sababu kwa maneno ndivyo alivyomfundisha. Lakini mtoto amekuwa akitazama. Ameona nani anaamkiwa asubuhi na nani anapewa tu orodha ya kazi. Ameona kikombe cha dada kinakaa kabati gani. Ameona wakati wa kula dada yuko wapi. Ameona kwamba watu wengine wana majina, baba Fulani, mama Fulani, anti Fulani, na mmoja ni dada tu, na akiondoka mwezi Juni akaja mwingine, naye ni dada.

Si nyumba zote. Nimeingia kwenye nyumba ambazo dada anakaa mezani na watoto wanagombania kukaa naye, na nyingine ambazo bwana na bibi wanalipa ada yake ya cherehani jioni. Watoto wa nyumba hizo hawana mapepe ya kujifanya wema. Wanajua tu kwamba huyo ni mtu. Na sisemi kwamba dada wa kazi ni mtumwa. Ana mshahara, hata kama mara nyingi ni mdogo wa kutia aibu, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamhusu kama inavyomhusu mfanyakazi mwingine. Ninachosema ni kwamba mtoto haoni sheria. Mtoto anaona nani anaamkiwa.

Shikamoo ilihama mara moja kutoka cheo kwenda umri, na tukapata neno zuri kuliko tulilorithi. Hofu yangu ni kwamba tunairudisha kule ilikotoka, kimya kimya, jikoni kwetu, mbele ya watu wadogo wenye kumbukumbu kali.

Kuna atakayesema natia chumvi, kwamba watoto hukua wakajua mambo, Salme mwenyewe si aliasi? Aliasi, ndiyo. Ila turudi tuone aliasi nini. Aliasi yale aliyoambiwa. Yale aliyoyaona tu yalimganda mpaka kwenye kitabu chake cha utu uzima. Kwa hiyo kama kuna faida yoyote ninayoipata kwenye nyumba hizi mbili za karne ya 19, ni kwamba kanuni inayotendwa bila kusemwa ndiyo ngumu kuliko zote kuikataa, kwa kuwa hakuna anayeiona.

Na hapo namshukuru Mwana Kupona kwa jambo ambalo hakulikusudia. Aliandika. Ule ubeti wa kutochanganyika na watumwa aliuweka wazi, kwa wino, kwa jina lake. Zaidi ya miaka 160 baadaye tunaweza kuunyooshea kidole, tukasema mama yetu, hapa hapana. Tunaweza kubishana naye kwa heshima zote, tukabaki na utendi wake na tukaukataa ubeti wake. Bet il Mtoni haikumwachia Salme ubeti kama huo wa kubishana nao.

Basi mimi nina zoezi moja, nalo ni la watu wanaopenda kuandika. Chukua karatasi uandike wosia kwa mtoto wako, au wa kaka yako kama huna. Usiandike yale unayomwambia. Andika yale anayoyaona nyumbani kwako, kama yalivyo, kwa mizani kama unaweza: mwanangu, wasalimie wageni wa baba. Mwanangu, anayekupikia usimwamkie. Halafu weka jina lako chini, kama alivyofanya mama yule wa Siu, uone kama mkono utakubali.